Kusikia Si Kukubali

Nilipostaafu nilirudisha ufunguo wa ofisi, kadi ya mlangoni na kikombe ambacho tangu mwanzo hakikuwa changu. Kioo cha kukuzia sikukirudisha. Hakuna aliyekiulizia, maana hakuna aliyebaki anayejua kilikuwa cha kazi gani.

Ninyi vijana mnaoanzisha jarida la utabibu kule Bujumbura mmeniomba niwaandikie kanuni za maadili ya uchapishaji. Kanuni mnazo tayari, kwenye picha mliyonitumia nimeona mmezibandika ukutani, tena kwa karatasi ya kung'aa. Mimi nitawaeleza jinsi zilivyoingia kichwani mwangu. Na nikisema kichwani sizungumzi kwa mafumbo, namaanisha pale juu, chini ya kitambaa.

Nilifika Brussels mwanzoni mwa miaka ya tisini. Niliteremka Gare du Midi na sanduku moja na Kifaransa cha shule, nikimfuata mume aliyetangulia. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa usiolala wa Bujumbura, na nilikuwa nadhani nimezoea kelele, mpaka nilipoiona stesheni ile Jumapili ya soko. Baada ya kuhangaika nikapata kazi ya ukatibu katika jarida dogo la magonjwa ya nchi za joto. Ofisi ilikuwa Ixelles, juu ya duka la fundi viatu, kwa hiyo sayansi yetu yote ilinuka gundi.

Mhariri mkuu alikuwa Madame Colette, daktari aliyeacha hospitali kwa sababu ya miguu. Alikuwa na miwani mbili, moja puani na nyingine juu ya nywele, na muda mwingi alikuwa akiitafuta ya tatu. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha choo wala mahali pa kuweka koti. Alinipa makala na kipande cha boksi.

"Funika juu," akasema, akinionyesha majina ya waandishi. "Ukiona jina la mkubwa, macho yako yatapiga magoti. Soma kwanza. Magoti baadaye."

Makala zetu zote zilisomwa hivyo. Tulifuta majina, tukazituma kwa wataalamu wawili wasiojua ni za nani, wakatwambia kama kazi inasimama au inayumba. Mimi nilikuwa nafuta kwa wino mweusi, halafu nashika karatasi dhidi ya dirisha kuhakikisha jina halionekani kwa nyuma. Lilikuwa linaonekana mara nyingi, nikajifunza kunakili upya.

Niliona vituko. Kulikuwa na meza yenye taa chini ya kioo, ya kukagulia picha, na siku moja nikaweka juu yake michoro ya makala mbili za bwana mmoja. Mlima wa makala ya kwanza ulikuwa bonde la makala ya pili. Mchoro ulikuwa ule ule, umepinduliwa tu miguu juu. Mara nyingine nilimpigia simu profesa ambaye jina lake lilitangulia kwenye orodha ya waandishi, nikamuuliza kuhusu ukurasa wa tatu. Akaniuliza, "Ukurasa wa tatu wa nini?" Na kuna makala ambayo mwandishi wake wa tano alikuwa amefariki kabla utafiti haujaanza. Madame Colette aliirudisha na swali moja, kama marehemu ameisoma na kuridhika.

Lakini vituko sivyo vilivyonishika. Kilichonishika ni siku nilipobandika stempu kwenye bahasha za toleo langu la kwanza, nikaona zinakokwenda: misheni ya Kasai, zahanati kwenye visiwa vya Ufilipino, hospitali ya mto Amazoni. Sentensi niliyoigusa asubuhi kwa penseli ya bluu, mtu nisiyemjua angeisoma akiwa ameshika mkono wa mgonjwa nisiyemjua. Nilikaa chini. Nawaambia ukweli, mwili ulinisisimka kama mtu anayechungulia kisima kirefu.

Madame Colette akaniona. "Ndiyo," akasema. "Hospitali ukikosea, aliyeumia yuko mbele yako. Hapa humwoni. Na karatasi ikishatoka hairudi."

Sasa nije kwa Maman Furaha.

Matonge, mtaa wa Wakongo wa Brussels, ilikuwa karibu na ofisi, na ndani ya jengo lake la maduka, Galerie d'Ixelles, kati ya saluni zote, yake ndiyo iliyojaa kuliko zote. Alikuwa mwanamke wa Bukavu, mtu wa kanisa, sauti nene, na vidole vya kusuka ambavyo sijaona vingine mfano wake. Kwa ajili yetu wanawake wa Kiislamu alikuwa ametundika pazia nyuma kabisa ya saluni, akaweka kiti na kioo kidogo. Humo ndimo nilimovua kitambaa changu. Nyuma ya sikio langu la kushoto pana mahali ambapo nywele hazioti, mapunye ya utotoni yaliondoka nazo. Mume wangu alipajua na Maman Furaha alipajua, basi. Mara ya kwanza alipapitia kwa kidole, akapita, akasuka kwa kukwepa mpaka pakapotea. Hakusema neno. Wala miaka iliyofuata hakusema, na saluni ile ilisema mambo ya kila mtu.

Akimaliza kusuka alikuwa akichoma ncha za nywele za kuongezea kwa kiberiti cha gesi, halafu anaubana moto kwa vidole vitupu. Sisi tukishangilia. Tulisema mikono ya Maman Furaha haiogopi moto. Baadaye niliona ameacha kuubana, anazima kwa kitambaa chenye maji. Sikuuliza.

Basi siku moja prufu, yaani kurasa za majaribio, za toleo jipya zikaja kutoka kwa mpiga chapa, nami nikakaa na kioo changu cha kukuzia. Makala moja ilikuwa ya daktari wa ngozi, kijana, tumwite Daktari Luc. Ilikuwa makala nzuri, nasema hivyo mpaka leo. Ilieleza jinsi mwanamke kutoka mashariki ya Zaire, mfanyakazi wa saluni ya nywele mjini Brussels, alivyozunguka kwa madaktari akipewa mafuta ya kupaka, wakati alikuwa na ukoma. Ilikuwa na picha ya rangi. Ilionyesha shavu, sikio lenye ndewe iliyovimba, na bega. Machoni palikuwa na utepe mweusi, kama ilivyokuwa desturi ya majarida wakati ule. Tuliamini kwamba ukimfunika mtu macho umemficha.

Nilimtambua kabla sijasogeza kioo. Begani alikuwa na kitenge cha akina mama wa kanisa lake, cha bluu, chenye taa na njiwa, walichokuwa wamechapishiwa wenyewe kwa sherehe yao. Matonge nzima ilikijua. Daktari aliona nguo, mimi nikaona anwani.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kujikuna kichwa. Sioni haya kusema, niliogopa. Kisha nikaogopa kwa ajili yake. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakutuambia kinachompata yule ambaye maradhi yake yanaumbuliwa na watu wengine, kwa rangi, katika maktaba za dunia. Jarida letu lilisomwa na wauguzi, na wauguzi wa hospitali ya Jette wenye asili ya Kivu wote walikuwa wanasukwa Galerie. Lingefika kwenye chumba chao cha kahawa, mtu angesema, "Eh, ile kitenge!" na kufikia Jumamosi viti vya Maman Furaha vingekuwa vitupu.

Kumwendea sikuweza. Kile nilichokijua nilikijua kwa sababu ya kazi, na Madame Colette alikuwa amenifundisha kwamba kilichomo kwenye makala isiyochapwa si mali yangu. Nikampelekea yeye prufu, nikamwambia namjua.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Hata mume wako?"

"Hata yeye."

"Basi siri bado ni ya mwenyewe." Akainua simu, akamwambia mpiga chapa autoe ukurasa. Nilisikia yule bwana akilalamika hadi nilipokuwa nimesimama, mitambo ilikuwa tayari na rangi zimechanganywa. Madame Colette akamsubiri amalize, akasema, "Bon. Utoe." Mahali pake tukaweka tangazo la mkutano ambao, nadhani, hakuna aliyehudhuria.

Daktari Luc alikuja mwenyewe. Hakuja kwa ukali, alikuja amechanganyikiwa, kwa sababu alimpenda mgonjwa wake na alitaka madaktari wengine waache kuchelewa. Alisema alimwomba ruhusa, akakubali.

"Alijibu vipi?" akauliza Madame Colette.

Daktari akalitamka kwa uangalifu, neno la Kiswahili: "Nimesikia. Alisema, nimesikia, docteur. Nilimuuliza maana yake, akaniambia j'ai compris, yaani nimeelewa."

Wote wawili wakanigeukia. Nami nikafikiri, nikaona sijui. Kwetu mtu akisema nimesikia anaweza kuwa amekubali kwa moyo mmoja. Anaweza pia kuwa anamwambia mkubwa kwa adabu kwamba maneno yametosha, na sasa anaomba kwenda nyumbani. Baba yangu alimwambia chifu wa kata nimesikia maisha yake yote, na hakuna hata mara moja aliyofanya alichoambiwa. Nikawajibu hivyo, kwamba inaweza kuwa ndiyo na inaweza kuwa hapana, anayejua ni mwenye neno.

"Basi aulizwe mwenye neno," akasema Madame Colette, "na akiwa ameona ukurasa wenyewe."

Alinizuia nisiwe mkalimani mpaka mgonjwa aambiwe mimi ni nani, achague. Daktari Luc akamwambia kwamba pale ofisini kuna Zaituni wa Bujumbura, ndiye mimi, na amemtambua. Siku tatu hazijaisha, Maman Furaha akapanda ngazi zetu, amevaa koti zuri, anahema kwa gundi ya fundi viatu. Akasimama mlangoni akiniangalia.

"Ni weye njo ulinijua?"

"Ni mimi, maman."

"Ulinijulia ku nini?"

Nikamwekea prufu mezani, nikagusa bega. Akainama. Akacheka, kicheko kifupi kikavu.

"Eh! Kitenge ya ba maman ba kanisa. Kitenge inaita jina yangu, na miye nimefungwa macho." Akaweka kidole juu ya utepe. "Na hii kintu nyeusi ni ya nini? Siko muizi."

Nikatafsiri. Madame Colette, ambaye alikuwa ameweka tepe zile kwa miaka na miaka, akavua miwani ya puani, akaishika mkononi.

Maman Furaha akavuta kiti karibu na changu. "Somea mi. Yote. Usiruke hata neno moja. Miye nilikwisha kujua kichwa yako yote, Zaituni. Sasa na weye ujue yangu."

Nikamsomea kwa Kiswahili, taratibu. Nilipofika kwenye neno ukoma nikainua macho, akaniambia endelea. Nilipofika pale ilipoandikwa kwamba mgonjwa alijichoma vidole kwa kiberiti cha gesi mara nyingi bila kusikia, nikaishusha karatasi. Nilikumbuka tulivyokuwa tukishangilia. Akainua mkono wa kulia, akautazama.

"Ni kweli. Bidole habikusikia tena. Ningesikia, ningetoka mbio ku docteur." Kisha akauliza, "Inamalizika vipi?"

Ilimalizika na majina ya dawa.

"Haisemi nilipona?"

Daktari Luc akasema, kwa haraka na kwa haya, kwamba amepona, dawa amezimaliza, na kwamba tangu wiki zile za mwanzo za dawa hangeweza kumwambukiza mtu yeyote. Alisema hayo akinitazama mimi, maana alikuwa ameona mkono wangu ukielekea kwenye kitambaa.

"Alors, maman," akamgeukia, "d'accord?"

Madame Colette akainua kiganja. "Usimuulize sasa. Daktari wake, mhariri na mtu anayemjua, sote watatu tunamwangalia, na kahawa yetu iko mkononi mwake. Nani anaweza kusema hapana?"

Kanuni hii hamjaibandika ukutani. Ibandikeni.

Nikatafsiri. Maman Furaha akanywa kahawa yake yote, akasimama, akafunga vifungo vya koti. "Bon. Zaituni, samedi ukuje nikusuke. Jibu nitakupatia kule."

Alijua anachofanya. Wale wawili walidhani anataka muda tu. Mimi nilielewa kwamba anataka kuona kama kichwa changu kitarudi chini ya mikono ile. Kama mimi niliyesoma kila neno, niliyesikia daktari akiapa, ningejifanya mgonjwa Jumamosi, basi Matonge ambayo haikusoma ingefanya nini?

Ijumaa nzima nilibishana na nafsi yangu. Akili ilikuwa imekubali, kichwa ndicho kilichokataa. Kiliwasha mahali pengine kila nilipokisahau. Kilichonitoa nyumbani si ushujaa. Ni kumbukumbu ya kidole kinachopita nyuma ya sikio langu la kushoto, kinapita tu, na miaka yote ya kimya iliyofuata. Mwanamke yule alikuwa amebeba vichwa vya watu wote wa Galerie, mapunye yao, vipara vyao, makovu ya waume zao, na hakuchapisha hata kimoja. Hakuna aliyemfundisha. Nilikuwa nafanya kazi na maprofesa walioandikiwa kanuni kurasa kwa kurasa, na mwenye maadili makubwa kuliko wote niliowajua alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu na kitana mdomoni. Nilipanda ngazi za Galerie nikiwa nastaajabu, na hofu ikabaki chini.

Saluni ilijaa. Redio, watoto, harufu ya mafuta. Nikaingia nyuma ya pazia, nikavua kitambaa, nikakaa. Yeye akasimama nyuma yangu bila kugusa, nikamwona kwenye kioo kidogo akingoja. Nikainamisha kichwa. Ndipo akaanza.

Alisuka karibu kichwa chote. Nje ya pazia wanawake walikuwa wanamjadili bwana harusi wa mtu. Kisha akasema kwa sauti yake ile ile nene, bila kuishusha:

"Zaituni, bale batu ba kazi yako, ubambie: sikio bachukue. Sura ni yangu."

"Maman Furaha!" sauti ikaita upande wa pili. "Sikio ya nani inachukuliwa?"

"Ni ya kutia herini! Fungeni kinywa!"

Wakaangua kicheko. Yeye akainama karibu zaidi. "Kitenge batoe. Saluni batoe, baandike anafanya kazi ya mikono. Moto ya briquet ile ya gesi ibakie mule, juu docteur mwingine akisikia muntu anajichoma, ashituke. Na phrase ya mwisho baandike: amepona."

"Nimesikia, maman."

Mikono ikasimama.

"Umesikia, ao umekubali?"

Nikamtazama kwenye kioo kile kidogo. "Nimekubali."

"Donc na miye nimekubali," akasema, akaendelea kusuka.

Makala ilitoka katika toleo lililofuata, na picha ya sikio tupu, ukurasa mzima. Daktari Luc aliandika sentensi ya mwisho mwenyewe, Madame Colette hakuigusa hata kwa koma. Tangu hapo hatukuweka tena utepe mweusi kwa mtu yeyote. Picha yoyote ya mgonjwa, mwenyewe aone ukurasa, kwa lugha yake, aende nyumbani akafikiri. Waandishi walinung'unika kwamba tunawachelewesha. Tuliwachelewesha kweli.

Miezi ikapita, nikasahau. Halafu asubuhi moja mashine ya faksi ikatoa karatasi kutoka zahanati ya mbali, ng'ambo ya bahari. Muuguzi aliandika kwamba jarida letu lilikuwa wazi mezani mwake pale kwenye lile sikio, mama mmoja akaingia na mtoto aliyeungua mkono kwenye chungu bila kulia. Akatazama sikio la mtoto, akatazama ukurasa. Mtoto alikuwa ameanza dawa. Nilisoma karatasi ile nimesimama, ikiwa bado ina joto la mashine, na machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa.

Jumamosi nikamweleza Maman Furaha nyuma ya pazia. Nilimwambia kwa kunong'ona, na mara hii hata yeye alinong'ona.

"Sikio yangu imefika kule?"

"Imefika, maman."

"Miye mwenyewe nangoja papiers za kukaa huku, siwezi kuvuka hata mupaka ya Hollande. Sikio inatembea dunia." Akatikisa kichwa, akacheka kimya kimya, mabega yanatetemeka, na sikujua tena kama ni kicheko. Akajifuta uso kwa kiwiko, akashika fungu la nywele nyuma ya sikio langu la kushoto, akalivuta kwa nguvu kuliko kawaida.

"Aï, maman!"

"Unasikia?"

"Nasikia, ndiyo!"

Akaweka kidole cha shahada mbele yangu, chenye makovu ya moto nchani, akakipiga polepole kwa kitana.

"Hii na yenyewe," akasema, "imeanza kusikia."